Bango la Mama Mligo na Ukungu wa Njombe

Kwanza uape kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Haya. Hata mimi nilimwapia Mama Mligo, muuza mablanketi wa hapa Njombe, kwamba mdomo wangu nimeufunga, ingawa soko zima lilishuhudia. Basi sogea nikueleze yote.

Mama Mligo ana bajaji yenye bango mgongoni, inazunguka mjini kulitangaza duka. Bango lilikuwa jeupe, herufi za samawati. Kiangazi ulilisoma ukiwa ng'ambo ya bonde. Baridi ilipoingia, ukungu mweupe ukalimeza bango jeupe, na jioni jua likawa linawahi kuzama kabla wachuma chai hawajarudi. Mji mzima unatetemeka, mablanketi yamelala dukani. Mama Mligo akatamka sokoni, "Atakayefanya bango langu lionekane mpaka duka libaki tupu, bajaji ni yake."

Wakajitokeza watatu, hakuna anayemsalimia mwenzake. Atupele ni fundi wa rangi. Ambwene ni fundi umeme. Sigila ndiye dereva wa bajaji hiyo hiyo, anajua ukungu huanza kuachia wapi. Bajaji ikienda kwa mwingine, Sigila hana kazi, na nyumbani analea watoto wa marehemu dada yake.

Atupele akalipaka bango njano iliyokolea, herufi nyeusi nene. Ukungu ukashindwa kulificha. "Bila mimi mngekuwa mnatembeza shuka," akawaambia.

Ambwene akalizungushia taa, betri chini ya kiti. Jioni wachuma chai wakawa wanaliona bango kabla hawajaiona bajaji yenyewe. "Rangi gizani ni nini?" akasema. "Kaoge, dada, unanuka tina ya rangi."

Sigila bango hakuligusa. Asubuhi alipanda nalo mlimani, kunakowahi kupambazuka; adhuhuri stendi; jioni njia ya mashambani. Wala hakuegesha pale jua linapolipiga likamwumiza macho msomaji. "Nyie mmepamba tu," akasema. "Mngeliacha bondeni lisomwe na vyura."

Duka likabaki tupu. Hata blanketi alilokuwa akilalia paka liliuzwa.

Siku ya kukabidhi tulijaa sokoni, ukungu umetanda, bajaji imeegeshwa pembeni. Mama Mligo akawaita watatu wajieleze. Wawili wakaitika. Ambwene haonekani. Mara tukanusa mafuta ya taa, tukasikia kitu kinasuguliwa. Upepo ukavuma, ukungu ukapasuka. Huyo Ambwene, kapiga magoti nyuma ya bajaji, kitambaa mkononi, viganja vina njano na nyeusi, nusu ya jina la Mama Mligo imeshafutika.

"Nafuta vumbi, mama," akasema.

"Vumbi la njano?" Atupele akamuuliza. "Lenye jina la mtu?"

Sigila akacheka, cheko la kuudhi. "Mwacheni. Anatupunguzia idadi."

Ambwene akasimama, kitambaa bado anacho. "Haya, nimefuta. Lakini jioni zote zile, mlinunua kwa taa za nani?"

Kweli, nusu ya soko ilinunua jioni. Mama Mligo ameshika ufunguo, anatutazama sisi. Mwenye rangi anataka, mwenye njia anataka, na aliyeshikwa na kitambaa naye hajaondoka. Wewe ungemwambia ampe nani?