Nyati Aliyeukumbatia Mtungi wa Pimbi

Jamani, nina ngano.
— Itoe tuisikie.
Ina mkubwa na ina mdogo.
— Mkubwa tumemzoea, tupe mdogo.

Alikuwepo Pimbi, mjane wa kule majabalini, mpika pombe ya ulezi. Mwaka huo shamba lake lilipaliwa na Digidigi, Nungunungu na Kanga. Walipalia siku tatu, mgongo chini, mgongo juu, na hawakuomba kitu ila pombe. Pimbi akaahidi. Akaotesha ulezi, akausaga ukawa kimea, akapika uji, akautia kimea, akaumimina mtungini, akaufunika magunia. Siku ya pili mtungi ukaanza kuzungumza: bwata, bwata, bwata.

Basi akaja Nyati. Nyati huja kila ikipikwa pombe. Husema yeye ni mlinzi wa kijiji, na mlinzi lazima aonje. Akishaonja, hubaki machicha matupu. Siku hiyo Pimbi alikuwa kisimani. Nyati akatupa magunia kule, akavuta funda, akatema.

"Togwa hii. Chakula cha watoto."

Akaenda zake, akauacha mtungi wazi kwenye ukungu wa mwezi wa sita.

Pimbi aliporudi alitega sikio. Kimya. Akaugusa mtungi, baridi tupu, na pembeni yake alama za kwato kubwa za Nyati. Pombe imelala.

Asubuhi yake Nyati akarudi. "Tayari?"

"Imegoma kuchacha, mzee. Imepigwa baridi. Kuna mtu aliifunua."

"Usinitafutie sababu. Hujui kupika, basi. Keshokutwa nikute pombe, la sivyo shamba lako nalikanyaga lote."

Pimbi akawaza moyoni. Kuharibu aharibu yeye, kugomba agombe yeye, na kunywa anywe yeye. Na wale waliopinda migongo shambani waambiwe nini? Wakimwita mwongo, nani atakuja kumsaidia kuvuna? Akaimeza hasira yake, akasema kwa upole:

"Dawa ipo, mzee, ila inataka mwili mkubwa. Mimi nikiukumbatia mtungi sifiki hata nusu. Aukumbatie mwenye damu moto, asitikisike, afumbe macho. Pombe iliyogoma ina haya. Ikitazamwa inalala tena."

"Nikiukumbatia, yote yangu?"

"Nani atamnyang'anya mwenye pembe?"

Nyati akalala chini, akauzungushia mtungi mwili wake wote, akafumba macho. Pimbi akatia machicha ya pombe ya zamani, akakoroga kwa mwiko, akafunika. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili: bwa... bwata.

"Imeamka?"

"Inapiga miayo tu, mzee. Usifumbue."

Siku ya tatu jua lilipopanda, harufu ikafika mpaka bondeni. Pimbi akawaita Digidigi, Nungunungu na Kanga, kila mmoja na mrija mrefu wa tete. Wakaketi nyuma ya mgongo wa Nyati, wakapitisha mirija juu ya bega lake. Fyoo, fyoo, fyoo.

"Nini hicho?" akauliza Nyati.

"Pombe inavuta pumzi."

Fyooo, fyooo.

"Mbona inavuta kwa nguvu hivyo?"

"Inakaribia, mzee. Vumilia."

Kanga akashikwa na kwikwi. Hik.

"Na hicho?"

"Povu linapasuka."

Krrr, krrr, mirija ikafika chini. Pimbi akasema, "Imeiva. Fumbua."

Nyati akafumbua. Akachungulia mtungini, machicha. Akanguruma: "Pombe yangu iko wapi?"

Hapo hasira ya siku zote zile ikamtoka Pimbi. "Unaniuliza mimi? Siku tatu umeukumbatia mtungi wewe peke yako, kisha uniulize mimi? Wapaliaji wangu hawa hapa, wamekuja kunywa. Niwape nini? Niwape pembe zako wanyonye?"

Digidigi akatazama chini, povu mdomoni. Nungunungu akasema, "Kwa kweli, mzee, umetusikitisha," akacheua.

Nyati akajinusa kifua. Kinanuka pombe. Akajinusa bega, limelowa pombe.

"Labda nilikunywa usingizini," akasema polepole.

"Labda?" akauliza Pimbi.

Nyati akainuka, akaondoka bila kuaga. Alipofika njiani akaanza kuyumba, huku na huku, akajigonga kwenye mti. Tone halikumpita kooni, lakini aliamini amelewa.

Funzo lake ni hili, watoto: mwenye tamaa msimfukuze. Bila tamaa ya Nyati, pombe ile ingekuwa togwa mpaka leo. Na mlinzi wa kijiji aheshimiwe, aonje wa kwanza, siku zote.

Ngano yangu imekauka.
— Suuza mtungi, tumeshiba.