Jozi ya Kumi na Moja

Ndugu zangu, niazimeni macho yenu kidogo niwapeleke uwanjani. Ni jioni ya kipupwe huko nyanda za juu, baridi inang'ata masikio na ukungu umeanza kushukia magoli. Shule mbili za sekondari zinacheza, bao moja kwa moja, na kando ya mstari yupo mama mmoja aliyeshindwa kukaa.

Angekaaje? Mwanawe alikuwa benchi, na ng'ambo ya pili walikuwepo wachaguzi wa timu ya wilaya na daftari lao. Dakika zilikuwa zinayoyoma. Mama akaenda hadi kwenye kibendera cha kona, akarudi, akajifunga kitenge upya, akaenda tena. Kila aliporudi, macho yake yalitua kwa namba saba, mtoto wa watu aliyekuwa akikimbia hatua mbili na kuchechemea ya tatu.

"Namba saba, baba, unacheza mpira au unakanyaga mayai?"

Watu wakacheka, naye akanogewa. "Mpeni mkongojo huyo, apumzike."

"Mama, kaa basi, unatuziba," akasema mzee mmoja nyuma yake.

"Kaa wewe uliyeridhika. Wa kwangu anaganda pale benchi."

Akamfuata mwalimu wa michezo. "Mwalimu, una macho kweli? Mtoto wa watu kachoka. Mtoe, mwingize mwanangu."

"Mama, mwanao aliniambia mchana tumbo linamsumbua."

"Tumbo gani? Mchana kala kwangu, kamaliza sahani yake na ya dada yake. Mwingize."

Mwalimu akamtazama mama, akamtazama kijana, kisha akamwashiria mwamuzi. Namba saba akaitwa nje. Mama akapiga vigelegele.

Sasa, shule ile ilikuwa na njumu jozi kumi na moja, basi. Anayetoka huketi mstarini akavua, anayeingia huketi akavaa. Namba saba akaketi. Kiatu cha kushoto kilitoka. Cha kulia kiligoma mpaka mwalimu alipokivuta, na soksi iliyotokea ilikuwa nyekundu kisiginoni kote. Msumari wa fundi viatu ulikuwa umetokeza ndani.

Yule kijana wa mama akasimama peku. Hakusogea.

"Vaa basi, muda unakwisha," mama akamhimiza.

"Mama, mimi nilikuwa nimejinyamazia," akasema bila kumtazama. "Jozi hii mbovu tunaivaa kwa zamu. Yeye aliivaa wiki iliyopita. Leo ilikuwa zamu yangu. Ndiyo maana nikasema tumbo."

Namba saba ndiye aliyemjibu, tena kwa upole, huku akijifunga kidonda kwa kitambaa. "Weka karatasi kisiginoni," akamwambia mwenzake. "Inasaidia kidogo."

Naona mnatikisa vichwa. Msimtikisie vichwa mama yule. Yeye hayupo hapa, sisi tupo. Tunajua sana kutazama mtu anavyokimbia. Ni nani kati yetu huuliza amevaa nini?

Kuna dada yetu katika ushirika wetu huu wa wanafunzi anayeingia ibadani kila Jumapili tukiwa tumeshamaliza nyimbo mbili, kanga imelowa maji, anajibanza nyuma. Tumemsema. Yupo aliyesema amepoa kiroho. Yupo aliyependekeza atolewe kwaya, kwenye kikao, nasi tukaitikia. Je, yupo hata mmoja aliyemuuliza anatoka wapi?

Anatoka kumwogesha mwenzetu aliyevunjika mguu, kule bweni la tatu. Na kazi hiyo haikuwa yake peke yake. Muhula ulipoanza tuliigawana wenyewe: dada saba, siku saba. Tukaiombea, tukasema amina kwa sauti ya kutetemesha bati. Baada ya hapo mmoja akawa na jaribio, mwingine akawa na mafua, mwingine akawa na mgeni, na siku zote saba zikamwangukia mmoja. Halafu tunamkasirikia kwa kuchelewa kuja kumsifu Mungu pamoja nasi.

Sina maneno mengi. Karatasi ya zamu bado imebandikwa mlangoni pale, mnapita mbele yake mkiingia na mkitoka. Leo ni Jumapili. Someni jina lililoandikwa Jumapili, si la dada yetu yule.