Pimbi Asiyejua Kutunga

Hapo zamani za kale, wanyama nao walipokuwa na majiko na milango, Fisi alimkamata Pimbi, yule mdogo wa kwenye mawe, umbo lake kama sungura. Nyumbani Bi Fisi akabandika sufuria, na Fisi akaketi mlangoni ili kitoweo kisitoroke.

Mafisi wa huko walikuwa na desturi: kitoweo kikianza hadithi, hakichinjwi mpaka hadithi iishe. Msiniulize kwa nini. Ndivyo walivyolelewa.

Pimbi akaanza. "Palikuwa na fisi na mkewe. Walimkamata pimbi. Kisha wakatoka, wakaacha mlango wazi."

"Walitoka kwa nini?" Fisi akauliza.

"Walitoka tu."

Fisi akafyonya, msyuuu. "Hakuna fisi anayeacha nyama hivi hivi."

"Basi walikwenda kuangalia maua."

"Maua? Wewe umewahi kumwona fisi?"

"Labda walikwenda kuoga."

Bi Fisi akagonga mwiko kwenye sufuria, ko ko ko. "Baba Nyangu, mpe sababu huyu. Maji yanachemka na hadithi haiendi."

Fisi akashika kichwa. "Sikiliza, we kiumbe. Fisi huacha nyama ndogo akifuata kubwa. Kuna nyati amekufa kule kivukoni, nyuma ya matete. Ubavu umejaa mafuta. Maini hayajaguswa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, baba. Na mkewe akabaki nyumbani akimngojea?"

Bi Fisi akageuka, mwiko mkononi.

"Baba Nyangu," Bi Fisi akasema, "matete yapi?"

"Ya hadithi, mama."

"Na hayo mafuta umeyaona lini?"

"Nimetunga."

"Utunge wewe? Jana umerudi mdomo unanuka mafuta, ukaniambia umekula panzi. Huo ndio utunzi wako."

Akatupa mwiko, akamruka mumewe pale mlangoni, akashika njia ya kivukoni, tifu tifu tifu.

Fisi akabaki ameduwaa. Nyati hayupo, akawaza, nimemtunga mwenyewe. Lakini Mama Nyangu hakimbii bure. Bila shaka ana lake analolijua kule. Na mimi nikae hapa, ayale maini peke yake?

Akainuka, puruu, akamfuata.

Pimbi akaipua sufuria ili isiungue, akatoka, akapanda mawe kwao.

Basi wadogo zangu, ukitunga hadithi, mpe kila mmoja sababu iliyo yake, naye atakwenda mwenyewe bila kusukumwa.