Aliyefunga Hupanda Kwanza

Ndugu zangu, nifuateni hadi kwenye jengo la ghorofa tatu ambalo halijapigwa lipu bado. Palikuwa na fundi mwashi pale, mikono yake myepesi kwa kazi, moyo wake mzito kumwamini mtu. Msimamizi wa zamani alizoea kuamuru akiwa kivulini: "Pandeni, jukwaa zima hilo!" Siku moja jukwaa likaporomoka, rafiki wa fundi akavunjika nyonga. Tangu siku hiyo fundi hakumtazama mkubwa usoni. Alimtazama miguuni, aone kama naye atapanda.

Akaja msimamizi mpya. Asubuhi yake ya kwanza akafunga jukwaa la mbele kwa mikono yake mwenyewe, miti ya mirunda na kamba. Fundi akafunga la nyuma.

"Haya mafundi, juu!"

Fundi akakunja mikono. "Bosi, hapa tuna desturi. Aliyefunga hupanda kwanza, akaruka mara tatu. Au leo viatu vinabana?"

Vibarua wakacheka chini chini. Msimamizi akavua koti, akapanda, akaruka. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Mirunda ikalia, kamba zikashika.

"Zinatosha, au niongeze ya nne?" akauliza kutoka juu.

Je, fundi aliamini? Wapi! "Hawa wanajua kuigiza," akanong'ona. "Leo anaruka, kesho anatutosa." Akapapasa fundo moja baada ya jingine, akitafuta lililolegea. Hakulipata.

Kwa hasira akawageukia vibarua wake. "Nyie mnatazama nini? Nendeni nyuma, mpande na zege!"

Hakuna aliyesogea. Mama mmoja mbeba zege akashusha karai lake taratibu. "Fundi, tunakuheshimu. Lakini la nyuma umelifunga wewe. Tangulia wewe, baba."

Laiti mngemwona! Macho yote yalikuwa miguuni pake, na miguu haikwenda. Maana kamba ilikuwa imemwishia, na fundo la mwisho alilifunga kwa kipande kilichooza, akajisemea moyoni, "Si watapanda vibarua tu?"

Mnadhani shaka yake yote ilitoka kwa yule wa kivulini? Alimpekua mwenzake fundo kwa fundo, akitafuta kwake kamba mbovu aliyoificha yeye mwenyewe.

Sisi je? Tunawanung'unikia wakubwa wetu kazini, na mara nyingine tuna haki. Simwambii mtu apande jukwaa asilolijua. Kagueni mafundo yao! Lakini nani humu ndani hana mtu chini yake? Kuna dada anayekupikia, kuna kijana wa dukani kwako, kuna wenzako wa zamu unayoisimamia. Wanakuitikia "ndiyo mzee," na wanakutazama miguu.

Basi kesho Jumatatu, kabla hujapaza sauti kusema "pandeni," zunguka kwanza nyuma ya jengo lako, peke yako. Fundo lile unalijua lilipo. Lifungue, ulifunge upya kwa kamba nzima.