Ndiyo ya Darasa na Uzi wa Kitovu

Ndiyo ya darasa haifungi kitovu. Asubuhi Sista wa zamu amewaambia hivyo, nanyi wanafunzi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza mimi muuguzi mstaafu kwa kuwa mmesikia nilikuwapo. Kweli nilikuwapo. Kaeni basi, na wewe Lusajo weka simu mfukoni. Methali hii ilianza hivi.

Chuo chetu cha uuguzi kilikuwa huku huku nyanda za juu, na mwalimu wetu wa ukunga alikuwa Daktari Mlowe. Alikuwa mtu mwema, mwenye elimu nyingi na mdomo wa mbio. Aliandika ubaoni kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukifuta. Kila akimaliza aligeuka na kuuliza, "Tumeelewa?" Nasi arobaini tukajibu kwa sauti moja, "Ndiyo, Daktari." Sauti yangu ilizidi zote, na mara nyingi sikuwa nimeelewa. Lakini somo lake lilikuwa la mwisho kabla ya chakula. Ukisema hujaelewa, unawachelewesha wenzako thelathini na tisa, wanakuta maharage yamebaki mchuzi. Nani anataka uadui wa namna hiyo?

Mwaka huo yakaja mafunzo ya kuwafundisha walimu wa afya namna ya kufundisha. Daktari alikasirika waziwazi. "Nimefundisha miaka kumi na minane," alimwambia mkuu wa chuo mbele yetu, "leo niende nikafundishwe kushika chaki?" Alikwenda wiki nzima kwa shingo upande, akarudi, na hakubadilisha kitu. Kumbe mafunzo yale hayakuishia huko. Mkufunzi wao, Mama Aurelia Mligo, mkunga wa siku nyingi, aliwafuata walimu vyuoni mwao akae nyuma ya darasa na kusikiliza.

Alifika kwetu siku ya Ijumaa, na somo lilikuwa kufunga kitovu cha mtoto mchanga. Jumatatu yake mimi nilikuwa naanza zamu yangu ya kwanza wodi ya wazazi, na tangu Jumatano hofu ilikuwa imeninyima hata usingizi. Wakati ule hatukuwa na vibanio vya plastiki. Tulifunga kwa uzi uliochemshwa, na fundo likilegea mtoto anavuja damu ndani ya kanga zake, kimya kimya, bila mtu kujua. Daktari alieleza hayo yote vizuri sana, kisha akauliza kama tumeelewa, nasi tukaitikia kama kawaida.

Mama Aurelia hakutaka kumsahihisha mbele yetu. Alimfuata Daktari mlangoni, na sisi wa madawati ya karibu tukasikia.

"Daktari, umeeleza vizuri. Naomba nikuulize, umejuaje kama wameelewa?"

"Si wamesema, Mama? Umewasikia mwenyewe."

"Nimewasikia. Hata mimi nilipokuwa mwanafunzi niliitikia hivyo hivyo, njaa ikiniuma."

Daktari akacheka kidogo bila kupenda. "Sasa ulitaka nifanyeje?"

"Wape uzi."

Kengele ilishalia, na Daktari angeweza kwenda zake tusimlaumu. Lakini alirudi ndani, akaagiza mipira mikuukuu ya dripu, akaikata vipande, akaviziba upande mmoja na kuvijaza maji mekundu ya maua ya choya kutoka jikoni. Akatupaka mafuta vidoleni, maana kitovu huteleza, akatuambia tufunge upande wa pili kwa uzi, tupindue, tuminye.

Vipande thelathini na kimoja vilivuja. Changu kilitangulia, na choya ikatapakaa kwenye gauni langu jeupe. Hakuna aliyecheka. Daktari alikaa kitini, akasema polepole, "Miaka kumi na minane."

Machozi yakanitoka. "Daktari, mimi sikuelewa, na Jumatatu niko wodini."

"Kwa nini hukusema, mwanangu?"

"Maharage, Daktari."

Hapo darasa zima likaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko sisi. Kisha akaja kwenye dawati langu, akashika vidole vyangu, akanionyesha: fundo la kwanza unazungusha uzi mara mbili, ndipo linashika. Nilifunga mara saba. La saba halikutoa hata tone. Siku hiyo tulikula maharage baridi saa tisa.

Jumatatu mama mmoja alijifungua, akaanza kutoka damu nyingi. Sista Foibe, mkuu wa wodi, alikuwa amelikamata tumbo la mama huyo kwa mikono miwili kuzuia damu, akaniambia bila kugeuka, "Funga kitovu." Nilifunga. Kila dakika chache nilifunua kanga nikaangalia, na kila mara kitambaa cha ndani kilikuwa cheupe vilevile. Ilipofika adhuhuri mama alikuwa ametulia na mtoto ananyonya. Nilitoka nje ya wodi, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Daktari alikuwa pale ukumbini, anajifanya kusoma matangazo.

"Vipi?" akauliza.

"Hakijavuja, Daktari."

Akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Kipindi kilichofuata alimaliza kueleza, akageuka, akaanza, "Tumee…" Akajikatiza. Akatutazama wote, akasema, "Ndiyo ya darasa haifungi kitovu. Chukueni uzi." Neno hilo likaenea chuo kizima, na baadaye yeye mwenyewe akawa anazunguka na Mama Aurelia kuwafundisha walimu wenzake.

Basi, mmeelewa? Naona midomo imefunguka, ikajifunga yenyewe. Afadhali. Uzi uko kwenye kikapu changu cha kufumia, Lusajo, lete mkono tuanze na wewe. Ndiyo ya darasa haifungi kitovu.