Bi Pimbi na Mlima wa Theluji

Hapo kale, watoto wangu, siku zile wanyama walipokuwa na nyumba, meko na majirani wa kugombana nao, aliishi bibi mmoja aliyeitwa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Ni mnyama mdogo, mnene kidogo, hana mkia, na mawe ndiyo njia yake. Huyu alikuwa mzee hasa. Wajukuu arobaini na mmoja, meno mawili!

Siku moja Simba, mfalme wao, alijenga uzio mrefu akatangaza: "Kuanzia leo kila mwenye mvi atakaa humu ndani. Mtaletewa chakula. Kutembeatembea basi!"

"Tumekosa nini, mfalme?" akauliza Bi Pimbi.

"Mnaanguka ovyo, tunahangaika kuwaokota. Mzee ni wa kukaa."

"Na mzee akipanda mlima ule mpaka kwenye theluji?"

Wote wakageuka kuutazama mlima. Kileleni kweupe pee! Hakuna mnyama aliyewahi kufika.

Nyati alicheka, kwa-kwa-kwa, mpaka akakaa chini. Tembo akapaliwa na maji.

"Ukifika," Simba akasema, "nitaung'oa uzio huu kwa meno yangu mwenyewe. Ukishindwa, utaingia wa kwanza. Nyati, Tembo, nendeni naye muwe mashahidi."

Asubuhi wakamkuta Bi Pimbi mlangoni kwake, na blanketi, chungu cha uji, na mzigo wa kuni mrefu kuliko nyumba.

"Kuni zote hizi za nini, bibi?" akauliza Nyati.

"Juu kuna baridi, mwanangu. Lakini naziacha. Ni nzito mno. Hata wewe huwezi kuzifikisha pango la kwanza kule mlimani."

"Mimi? Nisiweze? Hebu pisha!"

Puu! Kuni mgongoni, blanketi na chungu juu yake. Nyati akapanda mbio, jasho tiritiri. Bi Pimbi akamfuata taratibu, mikono mitupu, anavuta pumzi vizuri.

Pangoni akampongeza. "Umejitahidi, mwanangu. Sasa zibaki hapa. Pango la pili ni mbali, na Tembo naona siku hizi amelegea."

"Nani amelegea?" Tembo akanguruma. "Lete kuni!"

Nyati naye hakukubali kupitwa. Akanyakua blanketi na chungu, wakapanda wakisukumana: "Nipishe!" "Nipishe wewe!" Kufika pango la pili, wote wawili chini, tii! Hoi, ulimi nje.

Bi Pimbi akawasha moto, akapika uji, akajifunika blanketi, akalala.

Kulipopambazuka akawaita, "Haya, twende kileleni."

"Miguu yangu imekufa," Nyati akalia.

"Kichwa changu kinapasuka," Tembo akajibu.

"Basi kaeni mlangoni mnitazame."

Sasa sikilizeni. Pale juu hapakuwa na wa kumbebea kitu wala wa kudanganywa. Palikuwa na jiwe tupu, laini kama sahani, limepakwa barafu. Bi Pimbi akaweka nyayo zake, zile nyayo za pimbi zinazong'ang'ania mwamba, akapanda.

Srrrr! Akateleza, akarudi chini hatua ishirini. Moyo du-du-du!

"Rudi, bibi!" Nyati akapiga kelele. "Utakufa!"

Bi Pimbi akatazama chini. Akaogopa, tena sana. Kisha akauona ule uzio kule mbali, mdogo kama bangili. Akafuta pua, akaanza upya. Hatua. Pumzi. Hatua. Pumzi.

Mara theluji ikamfika tumboni. Mbele yake hapakuwa na mlima tena, mbingu tu! Bi Pimbi akalia machozi, halafu akapaza sauti ile kali ya ukoo wao:

"Kwiiiii! Kwiiiii! Nimefikaaa!"

Nyika nzima ikasikia.

Waliporudi, Simba akawauliza mashahidi.

"Amefika kwa miguu yake," Nyati akasema. "Tumemwona. Lakini ametuchezea, mfalme! Kuni zake tumebeba sisi!"

"Aliwaomba?"

Nyati akamtazama Tembo. Tembo akatazama chini, akajibu, "Hapana. Alisema... hatuwezi."

Wanyama wakaangua kicheko. Simba akalaza masikio, akauma nguzo ya kwanza. Kacha! Ya pili. Kacha! Uzio ukalala chini, na wazee wakamzunguka Bi Pimbi kwa vigelegele.

"Na sisi tunataka kupanda!" akasema Mzee Ngiri, fimbo mkononi. "Lini?"

"Keshokutwa," akajibu Bi Pimbi. "Kila mtu aje na blanketi lake. Wabebaji ninao."

Basi wanangu, mzee akiwaambia anakwenda mlimani, msimuulize ana miaka mingapi. Muulizeni anaondoka saa ngapi.