Manowari Sebuleni kwa Mjane

Mtu mmoja alikuwa na baba asiye na kaburi. Mtu huyo aliitwa Anatoli, fundi saa katika nchi ya migomba, mbali na bahari kiasi kwamba wengi wa huko hufa bila kujua ladha ya maji yake. Baba yake, Koplo Felisiani, alichukuliwa na Waingereza kwenda kupigana na Wajapani. Vitani hakufika. Meli iliyowabeba ilipigwa na manowari ya Kijapani ikazama na watu wake, na aliyeleta habari ni jirani aliyekuwa katika meli nyingine ya msafara uleule. Wakati huo Anatoli alikuwa bado anabebwa mgongoni na mama yake, Leokadia.

Wazee wa nchi ile hawakukubali mtu apotee hivihivi. Mtu akifia mahali ambapo mwili wake haupatikani, mwanawe akishakuwa mtu mzima hukata mgomba, akauosha, akauvika sanda, na mjane akaulilia kama anavyoliliwa marehemu. Kisha huzikwa shambani, na hilo ndilo kaburi lake. Kazi hiyo haifanywi na mwingine maadamu mtoto yupo. Na mpaka ifanyike, mjane havui kaniki ya msiba. Akifa kabla ya hapo hazikwi kwa mumewe, maana hakuna kaburi la kumlaza kando yake. Hurudishwa kwa kaka zake akazikwa huko, kama mwanamke ambaye hakuolewa.

Leokadia alingoja mtoto akue. Alipokua, akamwomba amzike baba yake. Anatoli hakukataa, na laiti angekataa ingekuwa afadhali, maana anayekukatalia hukuacha ukatafute njia nyingine. Alisema hawezi kumzika mtu bila kujua alivyokufa. Alitaka kwanza aijue ile manowari, na kwa fundi, kukijua kitu ni kukitengeneza kwa mikono yake. Angeitengeneza ndogo, ya mfano, halafu angekata mgomba. Mama akaona ni maneno ya mtoto mwenye uchungu na baba yake. Akamwambia ahadi ni deni, akarudi shambani.

Anatoli akaagiza kitabu cha michoro kutoka ng'ambo. Akachonga mwili wa meli kwa mbao laini, akaupiga msasa mpaka ukawa kama ngozi ya mtoto. Sitaha akaipanga kwa vipande vyembamba vya mbao, kimoja kimoja, ingawa ubao mmoja ungetosha na hakuna ambaye angejua. Mizinga aliitoa kwenye spoku za baiskeli. Vizuizi vya pembeni alivisuka kwa waya wa shaba uliotoka kwenye dainamo iliyoungua. Ule mnara wa Kijapani, unaopanda roshani juu ya roshani, aliujenga, akaona umepinda upana wa unywele, akauvunja, akaujenga tena. Kwenye bati la ubavuni alichoma alama za ribiti, ile misumari ya kuungia mabati, kwa sindano, akiwa na kioo cha ufundi saa jichoni, na asubuhi ikipita alikuwa amesogea urefu wa ukucha. Alijua mzinga upi ulipiga mbali na upi ulipiga karibu. Aliyajua majina ya mabaharia wakubwa walioiongoza. Jina la meli iliyombeba baba yake hakuwahi kuliuliza.

Hapo ndipo damu yangu inapoanza kuchemka. Meli ya baba yake haikuchongwa. Hata kijiti hakikutengwa kwa ajili yake. Aliyeua alipewa ribiti zake zote, na aliyeuawa hakupewa hata ubao wa kushikilia majini.

Manowari ilipozidi kurefuka, meza haikutosha. Akatoa viti sebuleni, na hilo halikutosha, akakitoa kitanda cha mama yake katika chumba cha mbele ili abomoe ukuta wa katikati. Leokadia akahamia jikoni, kule nyuma, pamoja na kuni na kuku. Alisema ni kwa muda. Mama akisema ni kwa muda, mtoto mwenye akili hutafuta machozi yako wapi. Huyu alitafuta gundi.

Wageni wakaanza kuja. Alikuja mwalimu mkuu na wanafunzi wake, wakaambiwa wavue viatu. Alikuja padri. Alikuja bwana mkubwa wa wilaya na mpiga picha, akaizunguka meli mikono ikiwa nyuma, akasema hiki ni kichwa, si mchezo. Mcheza kwao hutunzwa, wakasema majirani, wakaona fahari kwamba kijiji chao sasa kinajulikana. Leokadia aliwapitishia wageni kahawa za kutafuna, kama mwenyeji anavyopaswa, na kaniki yake ilikwishapauka kwa jua. Wote waliiona. Wote walizaliwa katika nchi ile na walijua kaniki ile inadai nini. Wakachukua kahawa, wakashukuru, wakarudi kuuliza habari za mizinga.

Siku moja, padri na mwalimu mkuu wakiwa wamekuja tena, mgeni mmoja aliuliza, kwa kipimo cha mfano ule, mtu angekuwa mkubwa kiasi gani. Anatoli alifurahi, kwa sababu lilikuwa swali la kifundi. Akachukua koleo yake ndogo ya saa, akainua punje moja ya harage, akaiweka juu ya sitaha, chini ya mzinga mkubwa. Wageni wakainama, wakaitafuta, wakaiona, wakacheka kwa mshangao. Leokadia alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya kahawa mkononi.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikuolewa na punje. Nipe kaburi la mume wangu."

Padri akatazama saa yake. Kisha mwalimu mkuu, mtu msomi na mwenye huruma zake, akakohoa, akauliza kama minyororo ya nanga ilitengenezwa kwa shaba au kwa bati. Anatoli akamjibu kwa urefu.

Mnasema alikuwa mwana mbaya. Hakuwa mbaya. Alimnunulia mama yake sukari na blanketi, na alipougua alimpeleka zahanati kwa baiskeli. Alichokosa ni kidogo tu: alimtazama aliyemwumiza muda mrefu mno, mpaka akampenda. Alianza akiwa na chuki, nayo chuki ikataka kujua, na kujua kukataka usahihi, na usahihi ukawa heshima. Shetani hahitaji njia nyingine. Na mgomba ulikuwa pale nje, nyuma ya nyumba, unaonekana kutoka dirishani. Panga lilikuwa darini. Kazi ya asubuhi moja.

Leokadia alikufa wakati wa mvua, Anatoli akiwa anangoja rangi ya kijivu ikauke. Alifia jikoni. Watu walipokusanyika, Anatoli alitoka mbio na panga, akakata mgomba, akaubeba begani akilia, maji yake yakimchuruzika shingoni, akaulaza uani. Akaomba wamzike baba kwanza, upesi, ili mama apate pa kulala. Mkubwa wa ukoo akautazama mgomba, akamtazama yeye. Akamwambia kwamba mgomba hauwi mtu mpaka mjane aulilie, na mjane aliyetakiwa kuulilia yuko jikoni, amefungwa kidevu. Kaka zake Leokadia walikuwa wamefika na jeneza. Wangemchukua kwao jioni ileile.

Basi sikilizeni lililofuata, maana ndilo lililonifanya nisimame hapa mbele yenu leo.

Katika nchi ile maiti hulazwa sebuleni, na hutolewa kwa mlango wa mbele, ili nyumba ijue kwamba aliyeondoka alikuwa mwenye nyumba. Wanaume walikwenda kulitoa jeneza jikoni walilete sebuleni. Walipofika mlangoni walisimama. Manowari ilikuwa imejaza sebule, ukuta kwa ukuta, mizinga yake ikielekea mlangoni. Hawakuambiwa lolote. Anatoli mwenyewe alikuwa uani amekumbatia mgomba wake, hajui la kushoto wala la kulia. Angeulizwa saa ile, angeipiga meli panga. Lakini hakuulizwa. Wale wanaume walitazamana, mmoja akanong'ona kwamba mnara ule ni mwepesi kuvunjika, mwingine akasema kazi kama ile haipatikani tena, na wa tatu akasema marehemu hataona tofauti. Wakageuza jeneza. Wakalipitisha nyuma ya nyumba, kati ya banda la kuku na lundo la majivu, wakikanyaga polepole kwa sababu ya utelezi. Wanawake waliimba. Nyimbo zilikuwa nzuri, kila mtu alisema hivyo. Leokadia akapelekwa kwa kaka zake, akazikwa katika shamba aliloliacha akiwa msichana, na manowari haikupata hata mkwaruzo.

Naona mnatikisa vichwa juu ya Anatoli. Mwacheni. Anatoli analia mpaka leo, na kilio chake Mungu anakijua. Tena msiniambie kwamba ninyi hamkuwepo, kwamba huko ni mbali, kwamba kwenu hakuna bahari wala Mjapani. Aliyewaumiza mnamjua mpaka vifungo vya koti lake. Picha yake mmeitundika, jina lake mmewapa watoto wenu, na mgeni akija mnampeleka mbele ya picha hiyo kwanza, mnamwonyesha. Waliokufa chini yake mmewapeleka jikoni. Na kila anayewadai kaburi mnamngoja azeeke, mnapokea kahawa yake, mnauliza habari za nanga.

Nawauliza ninyi, maana ninyi pia mmelibeba jeneza lile, wanaume wazima, wenye mikono yenu yote: kile mlichoogopa kukivunja kilikuwa cha nani?